Na Sisi Watu Vilevile

Jumapili, 12 Desemba 1976. Kasansa

Daftari hili lilikuwa la Jiografia na kurasa nyingi zilibaki safi. Nitaandika humo mpaka majibu ya kidato cha nne yatoke, kwa sababu kusema na watu siwezi. Nyumbani tupo watatu: mimi, wifi Romana na mwanawe Gaspar, ambaye hajatimiza miaka miwili. Kaka Anselmo, mume wa wifi, yuko Mpanda, kapanga mtaa wa Makanyagio, anabeba mizigo stesheni. Alikuja mara ya mwisho Saba Saba, na sasa wifi ana mimba.

Mama alizikwa Agosti nikiwa shuleni. Kaka hakuwahi mazishi, na mimi barua ilinifikia siku kumi baadaye. Niliisoma, nikaikunja, nikaingia darasani. Mpaka leo sijalia. Ni kama mkono ulioulalia: unauona ni wako, ukiugusa hausemi kitu.

Mvua imenyesha tangu alfajiri.

Jumapili, 19 Desemba

Mvua. Misa. Palizi baada ya misa, Mungu atusamehe.

Jumamosi, 25 Desemba

Nilimpasua kuku wa Krismasi, tetea mzee aliyeacha kutaga, mnono kweli. Ini lake lilikuwa la manjano, laini, karibu linipasukie mkononi. Nilitaka kulitupa. Wifi akasema, "Weee! Ndiyo tamu hiyo."

Gaspar hakula. Alikaa kwenye mkeka akitazama moto. Wageni walimsifu kwamba ni mtoto mpole.

Jumatatu, 3 Januari 1977

Bwana mifugo Osward alikuja na pikipiki, tope mpaka kwenye miwani. Kijiji kimepewa mradi wa nguruwe, naye karudi na kijitabu cha Kiingereza kutoka kozini.

"Nasikia hapa kuna msomi wa masista," akasema.

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Wifi akanitoa kwa kunivuta kanga.

"Nitolee kwa Kiswahili," Osward akaniambia. "Kiingereza changu mimi ni cha majina ya chanjo tu. Hiki kimenishinda ukurasa wa kwanza. Wanakijiji wanataka kujua kitu kimoja: nguruwe anakula pumba, pumba hazina mafuta, hayo mafuta anayatoa wapi?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Yeye akadhani nimekataa, akaanza kunibembeleza. Wifi akacheka mpaka akashika kiuno.

Ijumaa, 7 Januari

Kijitabu ni kurasa nne, na nimekielewa. Kinasema wanga wa mahindi hugeuka sukari tumboni, sukari huingia damuni, na mnyama huigeuza mafuta. Lakini wanyama hawaigeuzi mahali pamoja. Kuku hutengenezea mafuta yake kwenye ini, kisha damu huyabeba kuyapeleka yanakokaa. Nguruwe sivyo. Nguruwe hutengenezea mafuta ndani ya mafuta yenyewe, palepale chini ya ngozi na kuzunguka figo. Ng'ombe naye hutengenezea kwenye mafuta, ila hatumii sukari: majani huchacha tumboni mwake yakatoa tindikali kama ya siki, na hiyo ndiyo anayoigeuza.

Neno moja limenikwamisha siku mbili. Kiingereza kina neno moja la kuongezeka mwili, nguruwe na mtu wanachangia. Sisi hapa mnyama tunasema amenona, mtu amenenepa. Nikaandika kunona kila mahali.

Jumapili, 9 Januari

Nilikuwa nachora herufi kwenye karatasi ya stensili kwa kalamu ya chuma, wifi amekaa karibu amempakata Gaspar. Tangu Oktoba amemwachisha ziwa kwa sababu ya mimba. Uji anakunywa, lakini mikono yake naiona kama imepungua.

"Wifi," akasema, "na sisi watu je? Kitabu kinasemaje?"

Kitabu hakisemi. Kinaishia kwa ng'ombe. Lakini alikuwa amenyamaza akiningoja, na mimi hakuna mtu aliyewahi kuningoja nijibu kitu. Nikasema, "Vilevile."

"Yaani uji huu huu unageuka mafuta?"

"Ndiyo."

Akapumua. Chini ya ukurasa wa mwisho ilikuwa imebaki nafasi ya mistari miwili. Nikaandika: *Na sisi watu vilevile. Mtoto akishiba uji wa mahindi, hunona kama anavyonona nguruwe.* Mwandiko ulipendeza.

Jumanne, 11 Januari

Mvua. Paa la jikoni linavuja.

Jumamosi, 15 Januari

Mkutano wa kijiji. Osward alichinja nguruwe wa mfano ili watu waone. Alimpasua mgongoni akapima mafuta kwa vidole: vinne vimelala. Kisha akatoa ini akaliinua juu. Lilikuwa jekundu, gumu, halina hata doa la mafuta.

"Mnaona? Huku hakuna kiwanda. Kiwanda kiko hapa!" Akapiga kofi mafuta ya mgongo.

Kisha akasoma karatasi yangu yote kwa sauti kama anasoma waraka wa askofu. Alipofika mstari wa mwisho, mwanamke mmoja nyuma akapaza sauti:

"Mama Gaspar, lete na huyo wako tumpime vidole!"

Watu wakaangua kicheko. Wifi naye alicheka, akamwinua Gaspar juu wamwone. Mashavu ya mtoto yalikuwa yameanza kujaa. Tangu mama afe, sijamwona wifi akiinua uso namna ile mbele za watu. Nilifurahi. Najua kwamba nilifurahi kwa sababu lilikuwa jambo geni.

Alhamisi, 20 Januari

Osward amerudufu nakala kumi na mbili misheni, amezigawa vijiji vya bonde. Kila mwenyekiti moja.

Ijumaa, 28 Januari

Mvua. Mahindi ya ghala yanaisha. Mboga hakuna ila majani ya maboga.

Jumamosi, 5 Februari

Redio ya mwenyekiti inasema TANU imekwisha, kimezaliwa chama kipya. Watu wamecheza ngoma kwenye tope.

Miguu ya Gaspar imejaa. Vidole vimezama kama vya mtoto mchanga. Wifi anampa uji mara nne kwa siku. Samaki hapewi, ana miba, na maharage yatamchafua tumbo.

Jumatatu, 14 Februari

Nakiri jambo ambalo sijaliandika.

Kisimani wanawake hunyamaza wifi akifika. Najua wanalosema. Kwetu mtoto akidhoofika na mama yake ana mimba ya haraka, husemwa wazazi wamembemenda. Maana yake hawakujizuia, wakamharibu mtoto kwa tamaa yao. Mwanamke akishaitwa hivyo, hata akiomba moto hupewa kwa mkono wa kushoto. Kaka alikuja Saba Saba, alikaa siku tisa, na kila mtu anajua kuhesabu miezi.

Leo Eufrazia, jirani yetu wa chini, alimtazama Gaspar akasema, "Mbona macho yake yamelala hivyo?"

Wifi akajibu haraka, kama aliyeshika jibu mkononi: "Amenona. Ni mafuta hayo. Imeandikwa, wifi yangu kaitoa kwenye Kiingereza. Ningekuwa nimembemenda mtoto, angenona?"

Eufrazia akanigeukia. Mimi nilikuwa nafunga kamba ya ndoo. Niliifunga, nikaifungua, nikaifunga tena.

Jumatano ya Majivu, 23 Februari

Nywele za Gaspar zimekuwa nyekundu kama ndevu za mahindi. Wifi kamnyoa.

Jumanne, 1 Machi

Mvua. Gaspar halii kabisa siku hizi. Ukimweka mahali unamkuta palepale.

Jumapili, 6 Machi

Ng'ombe wa Manyanda waliingia kwenye mpaka wa shamba letu, naye akaja kuomba radhi. Ni Msukuma, alihamia mwaka juzi na kundi lake, amejenga ng'ambo ya mbuga. Watu humnunulia maziwa kwa nadra, wanasema yananuka moshi wa vibuyu.

Aliomba radhi vizuri. Kisha akamwona Gaspar kwenye mkeka, akachuchumaa.

"Mayu," akamwita kwa Kisukuma, yaani mama, "mtoto huyu mnampa nini?"

"Uji," wifi akasema. "Huoni alivyonona?"

Manyanda akamshika mguu, akabonyeza kwa kidole gumba, akahesabu kimoyomoyo, akatoa kidole. Shimo likabaki. Lilibaki kama kwenye unga uliokandwa.

"Ng'ombe akijaa hivi chini ya taya," akasema polepole, "kwetu hatusemi kanona. Tunasema ana maji. Ukimwacha, anakufa na unene wake."

"Mwanangu si ng'ombe!" Wifi alisimama, tumbo mbele. "Wewe umesomea wapi? Huyu hapa kamaliza kidato cha nne. Wifi, mwambie!"

Manyanda akanitazama. Hakuwa na dharau. Alikuwa anataka kujua tu, kama mtu anayeuliza njia.

Nilitazama lile shimo. Lilikuwa bado halijajaa.

Manyanda alingoja. Akachukua fimbo yake akaenda zake. Baadaye nilipika, nikala, nikaosha vyombo.

Jumatano, 9 Machi

Asubuhi ngozi ya mapaja ya Gaspar ilikuwa imebambuka kama rangi ya ukuta uliolowa. Chini yake pekundu. Wifi alikuwa anaipaka mafuta ya nguruwe, anaipaka na kuipaka.

Nikasema, "Twende misheni."

Sijui kama nilisema kwa sauti kubwa. Alinitazama kana kwamba mtungi umesema. Kisha akamfunga mtoto mgongoni, na mimba yake mbele, tukatembea saa mbili kwenye tope.

Sista Marsela wa zahanati ni Mfipa, mfupi, mikono yake mikubwa. Alibonyeza mguu mara moja tu.

"Kwashiakoo," akasema. "Angetakiwa Mpanda hospitali, lakini Mto Kavuu umefurika, lori lina wiki mbili halijavuka. Maziwa ya unga yameisha. Mnaye mwenye ng'ombe huko kwenu?"

Wifi akainamia kanga ya mtoto. Nikajibu mimi.

Alhamisi, 10 Machi

Wifi na Gaspar wamelazwa misheni; mimi nilikwenda kwa Manyanda kabla jua halijatoka. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakapotea. Nikainua kibuyu tu.

"Eee," akasema. "Nyie Wapimbwe, pombe ya siku tatu hamuiogopi, maziwa ya leo mnaogopa. Lete kibuyu. Mtoto hajafa?"

"Bado."

"Bado ni neno zuri. Kimbia basi yasichache."

Mchana, wifi alipolala, nilimwuliza Sista. Nilimwambia nimesoma kwamba wanga hugeuka mafuta. Sikumwambia zaidi.

"Ni kweli unageuka," akasema. "Lakini nguruwe ana bahati. Kiwanda chake kiko ndani ya ghala. Mtu yeye kafanana na kuku. Kiwanda chake kikubwa kiko kwenye ini, ghala liko mbali, kwa hiyo mafuta lazima yapate wapagazi wa kuyabeba. Hao wapagazi mwili unawatengeneza kwa maziwa, mayai, samaki, maharage. Ukimpa mtoto uji mtupu, ini linatengeneza mzigo na mpagazi hayupo."

Akachukua mkono wangu akauweka chini ya mbavu za Gaspar. Nikahisi ukingo, laini, umeteremka vidole vitatu chini ya pale unapopaswa kuishia.

"Hilo ni ini. Mafuta yake yote yamekwama humo. Hii miguu na mashavu ni maji, binti yangu. Huyu mtoto hana mafuta. Huyu ana njaa."

Gaspar alikuwa ananitazama, au anatazama mahali nilipo.

Jumapili, 13 Machi

Maziwa, kijiko kwa kijiko. Kwenda na kurudi. Mvua.

Alhamisi, 17 Machi

Nilifika na kibuyu nikamkuta wifi kasimama mlangoni, kanga zimefungwa, Gaspar yuko mgongoni. Maji yamemtoka mwilini. Amebaki mifupa, uso wa mzee, ngozi inaning'inia makalioni. Sista alikuwa chumba cha pili anazalisha.

"Nakwenda nyumbani," wifi akasema. "Nilikuja na mtoto mwenye mashavu, wamenipa fupa. Siku nane! Ni haya maziwa ya Msukuma yanamkausha."

"Sista alisema ataanza kukonda," nikasema. "Maji lazima—"

"Sista hajazaa! Nikipita kijijini na huyu hivi, watasemaje? Watasema nimembemenda, tena watasema walijua. Nitamrudisha kwenye uji wake, anone tena." Alikuwa analia bila kufuta. "Wifi, wewe ndiye ulitoa kwenye Kiingereza. Ingia umwambie Sista kitabu kinasemaje."

Nilikuwa nimeshika kibuyu kwa mikono miwili. Kuna watu walikuwa kwenye benchi, watatu au wanne, wote wametazama.

"Kitabu hakisemi," nikasema.

"Hakisemi nini?"

"Hakimtaji mtu. Kinamtaja kuku, nguruwe na ng'ombe, basi. Ule mstari wa chini niliandika mimi."

"Uliutoa wapi?"

"Kichwani."

"Kwa nini?"

"Uliniuliza. Ulikuwa unaningoja."

Mtu mmoja kwenye benchi alikohoa. Nilidhani wifi atanipiga, na nikaona nisingeinua mkono kujikinga, si kwa toba, ila kwa uvivu ule ule uliokaa ndani yangu tangu Agosti.

"Na siku ya Manyanda," akasema, "ulikuwa unajua?"

"Nilianza kujua siku hiyo."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Akakaa chini palepale kizingitini, akamfungua Gaspar, akamlaza mapajani. Miguu ya mtoto ilikuwa kama vijiti vya kuchokonolea moto. Akanyoosha mkono bila kuniangalia.

"Lete hayo maziwa, Goreth."

Hajawahi kuniita jina langu tangu aolewe.

Ijumaa, 18 Machi

Maziwa. Hatusemezani.

Jumatano, 23 Machi

Gaspar alitema kijiko, akakikamata, akakirusha ukutani. Sista akapiga makofi. Wifi alitoka nje akasimama kwenye mvua.

Jumatatu, 28 Machi

Majibu yametoka; masista wa shuleni wamenisomea kwa redio ya upepo ya misheni. Kiingereza na Biolojia nimepata alama za juu kabisa.

Jumatatu, 4 Aprili

Wifi kajifungua hapa hapa misheni, msichana. Sista anasema Gaspar aendelee na maziwa ya Manyanda mpaka mavuno, na akianza kula, apewe maharage yaliyopondwa. Kaka hana habari, mto bado.

Jumapili ya Pasaka, 10 Aprili

Tumerudi nyumbani. Eufrazia alikuja kumtazama mtoto mchanga, akamwona Gaspar, mwembamba, amesimama kwa kushika nguzo. Akafungua mdomo.

Wifi akamwahi. "Alikuwa na njaa," akasema. "Mwanangu alikuwa na njaa na mimi nikaita unono. Haya, sema unalotaka kusema."

Eufrazia akafunga mdomo. Kisha akasema ana maharage kidogo ya mbegu, atayaleta.

Alipoondoka wifi akanigeukia. Ni siku ishirini na nne hajanigeukia.

"Zile karatasi zilikuwa ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Ziko wapi?"

"Kila kijiji."

"Na wewe unakaa hapa unafanya nini?"

Jumatatu, 11 Aprili

Nilianza na ya hapa kwetu. Mwenyekiti akanipa karatasi bila kuuliza. Nikaufuta mstari kwa wino mpaka karatasi ikatoboka. Nadhani hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Jumamosi, 16 Aprili

Mvua zimepungua. Nimefika Majimoto, kijiji cha nne. Mwenyekiti hayupo, wakasema karatasi iko kwa mkewe, kaibandika ukutani kwa ugali.

Ni mwanamke kijana, anaitwa Dorotea. Alinikaribisha kigoda. Karatasi ilikuwa juu ya kitanda, mwandiko wangu, umefifia kwa moshi. Nikatoa kalamu. Nikamwambia nimetumwa kusahihisha.

"Sahihisha tu," akasema, "ila ule wa mwisho usiuguse. Huo ndio tuliouelewa wote. Mimi sijui kusoma, lakini mume wangu alitusomea wanawake wote hapa, tukaushika kwa moyo." Akaukariri, neno kwa neno, kama katekisimu. Kisha akainama nyuma ya kitanda akatoka na mtoto, akamweka mapajani mwangu kwa fahari. "Mwone mwenyewe. Tulifuata."

Alikuwa mzito. Alikuwa kimya. Mashavu yalikuwa yamevuta macho yakawa mistari.

Nilimshika mguu. Nikabonyeza, nikahesabu mpaka tano, nikatoa kidole.

Kalamu nilikuwa nimeshaifungua, na mstari ulikuwa mbele yangu, ungefutika mara moja tu. Niliifunga.

"Mama," nikasema, "waite na wale wengine waliousikia. Waje na watoto wao. Nina maneno ya kuwaambia."

"Wote?"

"Wote."

Ametoka kuwaita. Naandika haya mtoto yuko mapajani mwangu. Nasikia anapaza sauti nyumba kwa nyumba, na wanawake wanaitikia, wengine wanauliza ni nani aliyekuja, naye anawajibu kwa furaha kwamba ni yule binti aliyeandika.